Hundi Isiyoingia Mlangoni

Sori, 9 Machi 2025

Mjomba Maranga,

Sisi huku tupo. Mama anakusalimu, mguu wake umepunguza kuvimba na amerudi sokoni na ndizi zake. Baba naye hajambo, bado anagombana na jirani juu ya kuku yuleyule. Ziwa limejaa mpaka limeingia kwenye vyoo vya soko, kwa hivyo samaki ni wengi ila hamu ya kuwala imepungua. Wasalimie Anti Dorah na watoto. Nasikia kwaya yako hapo Homa Bay inaendelea vizuri, kila mtu na sauti yake.

Nakuandikia kwa sababu simu yako imenishinda. Kila nikipiga, yule mama wa mtandao ananiambia hupatikani, na sasa nimeanza kumwamini. Nyamoita hupeleka dagaa wa omena huko kila wiki, basi nimempa barua hii. Nimemwambia akae mlangoni pa ofisi yenu na gunia lake mpaka umpe jibu. Jua likipanda, hata mkurugenzi wenu atajua kuna mgeni nje.

Jambo lenyewe ni karo. Mjomba, unakumbuka mwezi jana pale uwanjani. Mradi wenu wa Inua Chaki ulisema utawalipia wasaidizi wa darasa waende chuo cha walimu, na mimi nimekuwa msaidizi miaka sita, nikipangusa kamasi na kushika mikono midogo iandike. Wewe ndiye uliyekuwa na kipaza sauti. Uliniita jukwaani, mkurugenzi akanikabidhi hundi ndefu kuliko kitanda changu, tukapigwa picha, kisha ukasema kwa ile sauti yako ya harusi, "Kemuma, ichukue, ni yako, nenda nayo nyumbani ukawaonyeshe." Nami nikaichukua.

Nilisafiri nayo juu ya lori la omena. Pale Ndhiwa watu walisoma jina langu wakapiga makofi. Nyumbani ilikataa kuingia mlangoni mpaka baba akang'oa fremu. Alitaka tuipeleke benki kule Migori kesho yake asubuhi, ikabidi nimweleze kwamba ile ni ya kuonyesha tu, pesa zenyewe zinakwenda chuoni moja kwa moja kama ulivyotuambia.

Sasa nimepiga simu chuoni, na karani amesema hakuna kilichofika. Tunatakiwa kuripoti tarehe tano Mei. Nafasi yangu ipo, lakini bila karo atapewa mwingine. Niambie tu, mjomba, imelipwa au bado?

Ni mimi mpwa wako,
Kemuma

*

Homa Bay, 31 Machi 2025

Mpwa wangu mpendwa Kemuma,

Barua yako niliipokea kwa furaha, pamoja na harufu yake. Anti Dorah ni mzima, watoto wanakohoa kidogo. Kwaya imealikwa Rongo na tunafanya mazoezi ya nguvu. Mwambie dada yangu Bochaberi asimame kidogo sokoni, akae zaidi.

Kuhusu suala uliloliibua, napenda kukuhakikishia kwamba mradi unalichukulia kwa uzito unaostahili. Mchakato unaendelea. Tumeshakamilisha hatua ya uhamasishaji, tuko katika hatua ya uratibu, na baada ya hapo tutaingia katika hatua ya utekelezaji, ambayo kwa kweli ndiyo inayohusu karo. Nakuomba uvumilivu. Mambo ya maendeleo hayaendi mbio kama boda.

Habari njema ni kwamba tumepata hema jipya. Lina madirisha.

Kabla sijasahau, ile hundi ya mfano. Ofisi inaihitaji kwa ajili ya kumbukumbu. Mpe Nyamoita airudishe wiki hii, aifunike vizuri isipate harufu. Niliposema ni yako nilikuwa nasema kwa lugha ya jukwaa. Hakuna aliyewahi kuondoka nayo. Kwa kawaida mtu hushuka nayo ngazi, anaiegemeza nyuma ya hema, anakwenda kula.

Mjomba wako,
Maranga
Afisa wa Uhamasishaji

*

Sori, 13 Aprili 2025

Mjomba,

Huku mvua imeshika. Mama anasema amekaa kama ulivyoagiza, na wateja wakaenda kwa aliyesimama. Mogire yuko hapa kwetu. Ndiyo, yule binamu Mogire wa Isebania anayebadilisha pesa mpakani. Aliona picha yangu na hundi kwenye simu ya mtu, akapanda gari kuja kutaka mtaji. Nimemwambia ile ni ya kuonyesha. Amesema anaelewa, familia ni lazima isemane hivyo mbele ya wageni, na ameomba blanketi la pili.

Nataka ujue hundi yenu imenifanyia nini. Akina mama wa kikundi cha Dorcas kanisani walikuwa wamepanga harambee ya karo yangu, wiki moja tu baada ya sherehe ile. Walipoiona ikipita barabarani, walifanya mkutano, wakamshukuru Mungu, na fedha walizokuwa wameanza kuchanga wakanunulia mabati ya jiko la kanisa. Siwalaumu. Walikuja kuniimbia nyumbani na nilitabasamu mpaka mashavu yakauma. Halafu mwalimu mkuu wetu, Bwana Oyoo, naye akaniita ofisini. Posho yangu huwa inatoka kwa wazazi. Akaniambia wazazi wamekataa kuendelea, kwamba mtu aliyedhaminiwa hawezi kula sahani mbili. Kwa hivyo mjomba, kabla ya mradi wenu sikuwa na karo. Sasa sina karo na sina posho, na nimepata Mogire.

Nimesoma barua yako mara tatu nikitafuta neno "ndiyo" au neno "bado". Sikuliona hata moja. Nimeona hema lina madirisha.

Hundi iko salama. Haisumbui mtu. Karo ikifika chuoni, nitawaletea mwenyewe, nimeipangusa.

Kemuma

*

Homa Bay, 2 Mei 2025

Mpwa wangu Kemuma,

Salamu. Sisi tuko salama ila umeme unakwenda na kurudi. Mwambie Mogire ana mke, asijisahau.

Mpwa wangu, naona umeanza kuandika kwa ukali, na hiyo si tabia niliyoijua kwako. Hebu tuelewane. Ile hundi ilitengenezwa na mtu wa mabango pale Kisii, ambaye bado anatudai ile ya kwanza na hataki kusikia ya pili. Mwezi ujao tuna uzinduzi wa awamu ya pili. Wageni wanatoka Nairobi. Huwezi kuzindua bila hundi. Watu watashika nini? Mkurugenzi ameniuliza mara kadhaa mbele ya wenzangu, "Maranga, kitu cha ofisi kiko wapi?" na mimi ndiye niliyesema kwenye kipaza sauti uende nacho. Kuna walioanza kunicheka pale nje.

Nakutumia fulana ya mradi, saizi yako. Imeandikwa NIMEINULIWA mbele na mgongoni. Ni zawadi, si kila mtu amepata.

Hilo jambo la karo nimelifikisha panapohusika. Panalifikiria.

Hundi mpe Nyamoita. Unaiweka wapi hasa, kwenye nyumba yenu ile ndogo?

Mjomba wako,
Maranga

*

Sori, 20 Mei 2025

Mjomba Maranga,

Mama hajambo. Fulana ameipokea yeye, anafunikia ndizi zisipigwe na jua. Mogire ameondoka, alituachia namba ya simu ya kumtumia.

Tarehe tano imepita. Nilikuwa nimefunga sanduku, mjomba, unajua jinsi nilivyo. Nilikuwa nimepanga hata sabuni. Asubuhi hiyo nilipiga simu chuoni kwa mara ya mwisho. Karani alikuwa mpole, na huo upole wake ndio ulioniumiza. Alisema nafasi amepewa mwingine, nijaribu tena Septemba. Nililia mpaka mama akafunga biashara. Sikuambii hivi ili unionee huruma. Nakwambia kwa sababu katika barua zako zote mambo hayana mtu ndani yake. Kuna mchakato, kuna awamu, kuna panapohusika. Mimi ndiye niliyekaa kitandani na sanduku.

Kesho yake nilienda shuleni, bila posho, kwa sababu watoto walikuwa wanakuja na hakuna mwingine. Madam Metrine, mwalimu wao, yuko likizo ya uzazi. Bwana Oyoo ananiita "msaidizi" hata sasa, ingawa sijui ninamsaidia nani, maana darasani tuko mimi na watoto peke yetu. Chaki zimekwisha. Nimewauliza Inua Chaki kama wana chaki. Yule msichana wa ofisini alicheka, akaniambia hilo ni jina la mradi tu.

Unauliza naiweka wapi hundi. Wewe nilikuuliza swali mwezi wa tatu. Tukijibizana, tuanze na langu.

Kemuma

*

Homa Bay, 12 Juni 2025

Mpwa wangu,

Salamu. Nina jambo kubwa, kwa hivyo nisamehe nisipouliza habari za kuku.

Mgeni wa heshima wa awamu ya pili hataki kuja uwanjani Homa Bay. Ni mama mmoja mtu mzima kutoka Nairobi, ndiye anayewakilisha wafadhili, na amesema anataka kwenda kuona matunda ya awamu ya kwanza pale yalipo. Matunda ni wewe. Atakuja shuleni kwenu Alhamisi tarehe tatu Julai, na sherehe itafanyika hapo hapo.

Sasa sikiliza vizuri. Katika taarifa tuliyompelekea, wewe uko chuoni, muhula wa kwanza, unaendelea vyema. Siwezi kukuficha tena. Fedha za awamu ya kwanza ziliisha kwenye uzinduzi wa awamu ya kwanza. Kulikuwa na bendi, kulikuwa na fulana, kulikuwa na chakula cha watu ambao hata hatukuwaalika. Mkurugenzi alisema tutalipa karo kutoka kwa awamu ya pili, lakini awamu ya pili nayo ni lazima izinduliwe.

Kwa hivyo siku hiyo usionekane. Bwana Oyoo ameshaambiwa, na amekubali kwa sababu ameahidiwa tangi la maji. Kaa mbali na shule tangu asubuhi. Mimi nitasema kwenye kipaza sauti kwamba unawasalimu kutoka chuoni. Na hundi iwepo, Kemuma. Nina watoto wanaosoma. Mkataba wangu unakwisha Desemba, na mkurugenzi amesema waziwazi kwamba bila hundi atakumbuka nani aliipoteza.

Usimwonyeshe dada yangu barua hii.

Maranga

*

Sori, 22 Juni 2025

Mjomba,

Mama ameiona. Anasema wewe ulikuwa mtoto mwenye huruma.

Nitakaa sokoni naye siku hiyo. Kusimama pale na kutabasamu siwezi, kwa hivyo heri niuze ndizi.

Hundi iko darasani, imeegemezwa ukutani. Haijatoka shuleni tangu Machi. Upande wa mbele, wenye jina langu, sijaugusa.

Ombi moja. Pale Homa Bay watoto wa shule mliwakalisha juani mpaka wawili wakaanguka. Wangu wakalishe nyuma ya jukwaa, kuna kivuli cha ukuta wa darasa.

Kemuma

*

Homa Bay, 6 Julai 2025

Kemuma,

Naandika nikiwa nyumbani, Dorah amelala, na sitaki barua hii ipite ofisini. Sijui dada yangu amekusimulia nini. Sokoni habari hufika zikiwa zimeongezwa chumvi, basi wacha nikueleze mimi niliyekuwa pale.

Tulifika saa tatu, hema likasimama, madirisha yake yakafunguliwa. Wazazi walikuja wengi, na akina mama wa Dorcas walikaa mstari wa mbele na vitambaa vyao. Watoto wako tuliwakalisha nyuma ya jukwaa, kivulini, kama ulivyotaka. Hundi ililetwa na wanaume wawili ikiwa imefunikwa shuka, na hakuna aliyeitazama upande wa pili. Hata mimi. Kamera haziendi nyuma.

Nikasema maneno yangu. Nikasema uko chuoni na unawasalimu. Akina mama wa Dorcas walitazamana, kwa sababu asubuhi hiyo hiyo walikuwa wamekupita pale kwenye ndizi. Kisha mkurugenzi na yule mama wa Nairobi wakaiinua hundi juu, mbele ya kamera, bendi ikanyamaza kungoja ishara.

Hapo nyuma yetu nikasikia, "Ba, be, bi, bo, bu."

Niligeuka. Upande wa pili wote ulikuwa umejaa mwandiko wako, mistari kwa mistari, na picha ya bata na ya meza na ya mamba. Watoto walikuwa wamesimama. Nadhani waliona ubao wao umeinuliwa na watu wazima, wakaelewa kwamba kipindi kimeanza. "Da, de, di, do, du." Mkurugenzi akanionyesha kwa macho niwanyamazishe. Nikasema wanyamaze. Bwana Oyoo akasema wanyamaze. Wakaendelea mpaka mwisho wa mstari, kwa sauti moja, kwaya yangu haijawahi kuimba hivyo, halafu wakaingia mstari uliofuata.

Yule mama alitabasamu. Aliteremsha upande wake wa hundi akainama juu yao, akauliza, "Nani amewafundisha vizuri hivi?" Wote wakasema, "Titcha Kemuma." Mkurugenzi akawahi kumwambia, "Ndiye huyo mnufaika wetu, yuko chuoni." Basi yule binti wa mama muuza mandazi, mdogo kuliko wote, akamsahihisha. Akasema, "Yuko sokoni. Anauza ndizi."

Mkurugenzi akaniambia kwa sauti ya chini, "Maranga, endesha programu." Kipaza sauti kilikuwa mkononi mwangu. Kemuma, maisha yangu yote nimekuwa na la kusema kikiwa mkononi, harusi, matanga, hata mnada wa ng'ombe. Pale nilikauka. Nilimwona Mama Bonareri wa Dorcas ananitazama, yule aliyekufundisha Shule ya Sabato ya watoto. Nikasema, "Mtoto amesema kweli. Huyu ni binti wa dada yangu. Hakuna aliyemlipia karo, wala hakuna aliyepanga kumlipia mwaka huu."

Usidhani mbingu zilifunguka. Yule mama aliniomba nirudie, nikarudia, akaandika kitu. Mkurugenzi akamwita mchungaji aombee chakula, na bendi ikapiga. Tulikula. Yule mama hakula, aliomba maji, na gari lake likaondoka mapema. Mpaka leo hatujasikia lolote kutoka Nairobi.

Hundi mkurugenzi aliichukua, akaifunga juu ya gari. Nilimwambia watoto wanaisomea. Alisema ni mali ya mradi.

Lile swali lako la mwezi wa tatu, jibu lake lilikuwa "bado". Nilikuwa nalijua siku ile ile uliyoniuliza.

Mjomba wako

*

Chuoni, 14 Septemba 2025

Mjomba Maranga,

Tazama hapo juu nilivyoandika, kabla ya tarehe. Nimeliandika neno hilo taratibu.

Mama atakuwa amekwambia, lakini nataka usikie kwangu. Jioni ya sherehe yenu Mama Bonareri alikuja na akina mama wa Dorcas. Walikaa sebuleni kama watu waliokuja matangani, kisha akasema, "Siku ile tulikuimbia kwa ajili ya ubao tu." Wiki iliyofuata walifanya harambee upya. Wazazi nao walikuja, wavuvi wengine walileta samaki wa kupiga mnada, na Bwana Oyoo alitoa, bila kunitazama usoni. Mama alinionyesha bahasha yako. Alisema ni posho yako ya siku ile ya uzinduzi, yote, na kwamba ulimkataza kusema. Basi amesema. Asante, mjomba.

Karo iliyopatikana ni ya muhula huu. Wa pili hatujui. Naamka na hilo kila siku, halafu naenda darasani, na humo nalisahau.

Juzi mkufunzi alitufundisha zana za kufundishia, akasema mwalimu mzuri hutengeneza zana kutoka kwa vitu vilivyotupwa. Nikacheka peke yangu, akaniuliza kuna nini, nikamwambia ni habari ndefu.

Kinachoniuma ni watoto. Madam Metrine amerudi, lakini ukuta wao uko mtupu. Kukosa chuo mwezi wa tano kuliniuma, na hili nalo linaniuma vivyo hivyo. Sijui nilipime vipi. Je, hundi iko wapi? Safari hii anayeuliza ni mimi.

Nawe hujasema lolote kuhusu kazi yako. Mama anasema hujafukuzwa, na hataki kuendelea zaidi ya hapo.

Kemuma

*

Homa Bay, 26 Oktoba 2025

Mwalimu Kemuma,

Dorah anakusalimu, watoto wameacha kukohoa. Kwaya tulishindwa Rongo, lakini tulishindwa kwa pamoja, ambayo kwetu ni hatua.

Kazi bado ninayo, ila si ile. Kunifukuza kunahitaji barua yenye sababu, na sababu yenyewe hakuna anayetaka kuiandika. Kwa hivyo nimehamishwa idara. Kipaza sauti amepewa kijana mmoja anayeitwa Ratemo, na mimi nimewekwa kwenye hundi. Naibeba, naifunga juu ya gari, naifungua, naipeleka jukwaani. Imechoka sasa, imevunjika katikati, ukiiinua inapinda kama mkeka. Mtu wa mabango bado anatudai, hataki kutuchorea nyingine. Jina lako tumelibandikia karatasi, na juu ya karatasi jina jingine, kila uzinduzi na mtu wake. Awamu ya pili tumeshaizindua mara nne. Yule mama wa Nairobi aliacha kupokea simu zetu, lakini mkurugenzi amepata wafadhili wengine.

Nilipita Sori mwezi jana nikiwa njiani. Nilinunua chaki kwanza. Kisha nikapata katoni ya sabuni dukani, nikanakili mistari yako yote kutoka mgongoni mwa hundi, nikaipeleka darasani. Watoto waliitazama, wakaniambia bata wangu ni kuku. Nilimchora tena wakiniangalia. Sasa iko ukutani, na Madam Metrine anaitumia.

Ile ya kwanza, hundi yenyewe, tunazunguka nayo. Kwa sababu inapinda, mkurugenzi ameamua nisimame nyuma yake wakati wa picha, niishikilie katikati kwa mikono miwili nisionekane. Na watoto wa shule siku hizi nawakalisha mimi mwenyewe, nyuma, kivulini, kwa kuwa hiyo nayo imekuwa kazi yangu. Rodi Kopany waliisoma. Ndhiwa waliisoma. Kila mahali ni vilevile, inainuliwa, mbele kunapigwa makofi, na huku nyuma wanaanza, wengine kwa sauti ya chini kwa sababu wameambiwa wasipige kelele mbele ya wageni.

Wiki jana tulikuwa Isebania. Watoto wa huko walisoma vizuri mpaka kwenye ule mstari wako wa mwisho, nya, nye, nyi, wakakwama. Wote walinitazama, na hapakuwa na mtu mwingine wa kutazamwa. Basi nikatoa mkono mmoja, nikaweka kidole kwenye silabi ya kwanza, nikasema pole pole, wakaifuata. Tukaenda kwenye ya pili. Tukamaliza mstari, tukarudi mwanzo, maana huko mbele hotuba ilikuwa ndefu.

Mkurugenzi alidhani ninaizuia hundi isianguke.

Mjomba wako,
Maranga